Spika Aliyoichagua Seremala

Kichochoro cha wauza vifaa vya umeme hakikuwa mahali pa mtu anayeumwa kichwa. Kila duka lilikuwa na spika mlangoni, kila spika na wimbo wake, na kila mwenye duka aliamini kwamba jirani yake ndiye anayepiga kelele. Bi Sumaku alikuwa ameshazoea. Kibanda chake kilikuwa katikati, chembamba, rafu zimejaa spika za kila umri, naye alikaa nyuma ya meza amefunga kilemba cha njano na kuvaa aproni ya bluu yenye mifuko mingi, akibandika koni mpya, lile bakuli jepesi linalotikisika kutoa sauti, kwenye spika ya mteja. Jina hilo walimpa majirani. Wengine walisema ni kwa sababu ya sumaku zilizotapakaa mezani, wengine kwa sababu wanaume walikuja kuuliza bei ya waya, wakaondoka baada ya saa nzima bila waya.

Asubuhi hiyo akaja mmoja amebeba ubao. Ulikuwa wa plaiwudi, umepigwa msasa mpaka unateleza, na katikati una tundu la mviringo. Mwenyewe alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi na mikono imekunjwa, penseli sikioni, na juu ya nyusi moja vumbi la mbao lililobaki kutoka kazini. Akauinua ule ubao, akamchungulia Bi Sumaku kupitia tundu.

"Dada, nataka spika ya kuingia hapa."

Muuza simu wa kibanda cha pili akacheka mpaka akaweka chai chini. Bi Sumaku aliuliza sanduku la hiyo spika liko wapi, akaambiwa limeshakwisha kujengwa, umebaki uso huo tu.

"Kaka, umekata kanzu mtoto hajazaliwa," alisema. "Mtu anachagua spika kwanza, ndipo anaijengea nyumba."

Yule mtu akainama juu ya meza mpaka harufu ya gundi na sabuni ikamfikia Bi Sumaku. Alikuwa akimwangalia mdomo.

"Sema tena."

Akasema tena. Akaendelea kuangaliwa mdomo, na ingawa ni mtu mzima mwenye akili zake, akahisi joto shingoni.

"Unaangalia nini mdomoni kwangu?"

"Maneno," akajibu, na akatabasamu.

Alikuwa seremala. Alieleza kwamba redio za siku hizi zimeharibika zote, zinaimba kama zimefichwa chini ya godoro. Alikuwa amebadilisha yake ya nyumbani, na mpya ikawa na ugonjwa uleule. Ndipo akaona kwenye simu watu wanaotengeneza masanduku yao wenyewe, yenye njia ndefu iliyokunjwakunjwa ndani kama utumbo. Sauti inayotoka mgongoni mwa spika, ambayo masanduku mengine huifungia, humo hupewa njia. Inazunguka kotekote, inatokea mdomoni chini, inaungana na ile ya mbele na kuipa besi nguvu. Ameijenga njia hiyo kwa mikono yake. Sasa anataka spika moja tu ya kuimba yote, nene na nyembamba, bila twita ya sauti nyembamba wala wufa ya sauti nene, ile ambayo wauzaji huiita fulrenji.

Bi Sumaku alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha. Wateja wake wengi walitaka kitu cha kutingisha madirisha ya jirani. Akamfahamisha kwamba kila spika ina mvumo wake, na mvumo huo lazima upatane na urefu wa njia. Inayoingia kwenye tundu siyo lazima iwe inayoingia kwenye sanduku. Angemtafutia chache zinazopatana. Lakini kuchagua angechagua mwenyewe, maana sikio haliazimwi.

Seremala akaandika namba yake ya simu kwa penseli kwenye kona ya ubao, akauacha. Muuza simu akasema kwamba hajawahi kuona mtu anatongoza kwa plaiwudi.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Kila mchana, mashine zikizimwa karakana, seremala alipiga. Kwenye simu alikuwa asali. Alisikia hata pumzi; Bi Sumaku akiguna kidogo tu, aliuliza nani kamuudhi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula sauti yako."

"Hiyo haishibishi."

"Ndiyo maana napiga kila siku."

Bi Sumaku alikuwa na sauti ya chini, ndogo, ambayo tangu utotoni watu waliilalamikia. Walimu walimwambia aongee juu, wateja walimwambia asimung'unye. Huyu alikuwa wa kwanza kuipenda ilivyo. Alimwambia kwamba inakaa sikioni pake kama kitu kilichopimwa kikakatwa kwa ajili ya hapo. Maneno ya seremala hayo, lakini yalimwingia, na jioni alikuwa akitembea kurudi nyumbani bila kuona mashimo ya barabarani.

Shida ilikuwa wakionana. Ana kwa ana yule asali aligeuka maji baridi. Bi Sumaku angesema jambo la kuchekesha wakiwa wanatembea, naye angeendelea kuangalia mbele kama hakuambiwa kitu. Na katika kutembea alikuwa na mtindo wake: lazima Bi Sumaku awe kuliani kwake. Wakibadilisha barabara, anazunguka anamhamisha. Mwanzoni Bi Sumaku aliona ni uungwana, mpaka shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alipowaona dirishani.

"Mwanamume gani anamweka mwenzake upande wa magari?" shangazi aliuliza.

Siku seremala alipokuja nyumbani kujitambulisha, mambo yakazidi. Shangazi, aliyevaa gauni lake la kupokelea wageni, alimkaribisha kutoka mlango wa jikoni, tena kwa maneno mazuri. Mgeni akabaki anaangalia makochi, akaligonga moja kwa kidole kuona ni mbao gani. Shangazi akakaribisha mara ya pili, akaona imetosha. Mgeni alipoondoka alisema kwamba huyo kijana ana kiburi cha kuzaliwa nacho, na kama mpwa wake anataka kujiingiza motoni, shauri yake, sikio la kufa halisikii dawa.

Bi Sumaku alimtetea kwa mdomo, lakini moyoni hofu ilikuwa imeingia, na alijua ilikotoka. Alikuwa ameolewa zamani, na ndoa ile haikuvunjwa na ngumi wala mwanamke mwingine. Ilivunjwa na kimya. Mume wake wa kwanza akiudhika hakugomba, alinyamaza. Angeulizwa chakula, kimya. Angeulizwa kosa ni nini, kimya, wiki na wiki, anapita sebuleni kama mke ni kiti. Bi Sumaku alifika mahali akawa anaongea na spika anazotengeneza ili asikie kwamba bado yupo. Siku aliyoondoka aliapa kwamba hatalala tena nyumba moja na mtu asiyemjibu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye sasa alikuwa akiona unyasi kila mahali.

Akaamua amalize wasiwasi kwa swali. Alikwenda karakana alasiri, mashine zimezimwa, feni kubwa ya pembeni inazunguka. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, na hereni ndogo za shangazi. Karakana ilinuka gundi na mbao mbichi. Seremala alikuwa amempa mgongo, ameinama juu ya uso mpya wa lile sanduku, anaupiga msasa kwa mkono, taratibu, anaupapasa, anaupiga tena. Bi Sumaku akasimama nyuma yake. Aliona ni rahisi zaidi kuyasema kwa ule mgongo kuliko kwa yale macho.

"Nimechoka kuagana na wewe kila jioni," alisema. "Nataka tuoane. Wewe unasemaje?"

Msasa ukaendelea. Bi Sumaku akameza mate, akayarudia yote, na mara ya pili yalikuwa mazito kuliko ya kwanza. Seremala akainua ubao, akaupuliza vumbi, akaushikilia kwenye mwanga, kisha akaanza kupiga mluzi.

Seremala hakumwona Bi Sumaku akitoka. Alitembea mpaka nyumbani, akavua hereni, akazirudisha kwenye kisanduku cha shangazi, akakaa kitandani na lile gauni.

Simu ililia. Hakupokea. Ililia kesho yake na keshokutwa, na alipopokea ilikuwa ni kwa sababu shangazi alikuwa anamwangalia.

"Mpenzi, mbona umepotea? Nimegeuka siku ile, naambiwa na fundi wa mlango wa pili kwamba ulikuja na umeondoka."

"Nilikuuliza kitu, hukunijibu."

"Uliniuliza lini?"

Sauti yake ilikuwa na mshangao mtupu, na hapo ndipo Bi Sumaku alipokasirika kabisa. Kunyamaza alikuwa anakujua. Kukana ulikuwa ufundi mpya.

"Basi," alisema. "Spika zako nimeshazipata. Njoo uchague, uchukue, tumalizane."

Seremala akaja asubuhi mapema, kabla kichochoro hakijafunguka, ili pasiwe na kelele. Aliyekuwapo ni muuza simu peke yake, ambaye alilala dukani kwake na alikuwa ndiyo kwanza anapiga mswaki. Waliliweka sanduku kwenye chumba cha nyuma ya kibanda. Lilikuwa zuri, hilo Bi Sumaku alilikubali ingawa moyo umefunga. Viungo vyake vilikutana bila hata mwanya wa kupitisha kucha, na ndani njia ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, imetandikwa pamba kidogo ya mto. Bi Sumaku alichukua bisibisi. Alifunga spika ya kwanza, akaweka wimbo wa zamani wa bendi, wenye gitaa, sauti ya mwanamke na matoazi yanayochezwa taratibu nyuma.

Hiyo ya kwanza ilikuwa ya karatasi nyeusi, laini. Bi Sumaku alikuwa ameikusudia tangu siku ya ubao. Ile sauti ya mwanamke ilitoka kama mtu amesimama mle chumbani, na besi ikatokea mdomoni mwa sanduku, imezunguka njia yote na kufika bila haraka. Hata katika hasira yake alijiona ameshusha mabega.

"Imefunikwa blanketi," seremala alisema.

Bi Sumaku akafunga ya pili, yenye koni ya bati jepesi. Seremala akasema hiyo ni afadhali kidogo. Ikabaki ya tatu, ambayo Bi Sumaku alikuwa ameileta kukamilisha hesabu tu. Hiyo ilikuwa na koni nyingine ndogo katikati, imekaa kama kikombe, na kichochoro kizima kiliifahamu kwa jina la Filimbi. Ilikuwa imelala kwenye rafu yake muda mrefu, kila mteja akiisikia anaziba masikio. Aliifunga, akaweka wimbo uleule. Matoazi yakamchoma kichwani. Sauti ya mwanamke ikawa ya kupiga kelele, kila herufi inakwaruza. Ukutani pakagongwa, muuza simu alikuwa anauliza wamemkosea nini.

Seremala alikuwa amekaa mbele kabisa ya sanduku, mikono magotini, machozi yanamlenga.

"Hii hapa," alisema. "Hii inasema. Hata matoazi yamerudi."

Bi Sumaku alidhani anadhihakiwa. Alimwambia kwamba kama amekuja kumchezea, mchezo umekwisha. Kwamba hata mtoto mchanga hawezi kuichagua hiyo. Kwamba mtu akimchoka mwenzake aseme amemchoka, asikae kimya, asipige mluzi, asichague takataka ili aonyeshe kwamba hata kazi ya mwenzake ni takataka. Aliyasema hayo yote akiwa ameinama nyuma ya sanduku anachomoa waya. Alipoinua uso, seremala alikuwa bado anaangalia ile koni kwa furaha. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Bi Sumaku akabaki na waya mkononi.

Alikuwa na kifaa chake cha kupimia spika, kinachotoa mlio mmoja unaopanda, kutoka mvumo mnene mpaka mlio mwembamba kama wa mbu. Akaurudisha waya, akaunganisha kifaa, akazunguka mpaka mbele ya seremala.

"Ukiacha kusikia, nyanyua mkono."

Mlio ukaanza chini, ukapanda. Ulifika kwenye sauti ya mtu, ukapita, ukafika kwenye mluzi wa birika linalochemka. Seremala akanyanyua mkono.

"Imezima," alisema.

Haikuwa imezima. Ilikuwa inaendelea kupanda, kali, inatetemesha meno ya Bi Sumaku. Muuza simu alikuja mpaka mlangoni, mswaki mdomoni, povu kidevuni, ameziba masikio yote mawili. Seremala alimwangalia yule mtu aliyeziba masikio, kisha akaiangalia ile spika ambayo kwake ilikuwa kimya. Mkono wake ulikuwa bado uko juu.

Yote yakamjia Bi Sumaku kwa pamoja: kuangaliwa mdomo, kuhamishwa kuliani upande wa sikio lenye nafuu, shangazi na ukaribisho wake wa jikoni, simu iliyobanwa sikioni sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na ule mgongo uliokuwa ukipiga msasa. Moyo wake ulipasuka kwa furaha na kwa uchungu, hakujua kipi kimetangulia.

"Siku ile karakana sikukasirika bure," alisema, pole pole, uso kwa uso. "Nilisema na wewe nikiwa nyuma yako. Hukusikia. Misumeno imekula masikio yako."

"Unataka kusema mimi kiziwi."

"Nataka kusema twende kwa daktari."

"Watu siku hizi hawafungui midomo," seremala alisema, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akijua siku nyingi na hakutaka kuambiwa. Akasimama, akachukua ubao wake wa kwanza, ule wenye namba ya simu, akaondoka. Sanduku aliliacha.

Sasa kikaja kimya cha kweli. Mchana ulifika bila simu, na ukafika mwingine. Shangazi, alipoelezwa, alikaa chini, akashika mdomo wake uliosema habari za sikio la kufa, akaomba radhi kwa mtu asiyekuwepo. Alimshauri mpwa wake asubiri, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulikuja wiki iliyofuata, saa ileile ya mchana.

"Nimekwenda kwa daktari," seremala alisema. "Amesema kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki nikitunze, na huenda nacho kikapungua."

"Pole, mpenzi. Tutakitunza."

"Sikiliza kwanza. Baba yangu alikuwa seremala kwenye karakana hiihii. Masikio yake yalikwenda hivihivi. Mama alikuwa anamwita kutoka jikoni, hasikii, anamwita tena kwa nguvu, miaka yote. Mtaa mzima walimjua mama kwa ukali. Watoto walikuwa wanamkimbia. Hakuwa mkali. Alikuwa anatafuta kusikika tu, mpaka sauti yake ikabaki hivyo, hata akibembeleza mtoto anafoka."

Bi Sumaku aliibana simu karibu zaidi na sikio.

"Wewe una sauti ya chini," seremala akaendelea. "Nimeipenda hiyo. Sitaki kuwa mtu aliyeiharibu. Tafuta mwingine, atakayekusikia."

"Na hilo umeliamua peke yako?"

"Nimeliamua."

Simu ikakatwa. Bi Sumaku alilia kwanza, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyomwinua. Kuna mtu alimnyima maneno akamwita mke. Huyu anamnyima maneno na kusema ni huruma. Akaingia chumba cha nyuma kulimaliza lile sanduku, kwa sababu hakuwahi kumrudishia mtu kazi nusu.

Alifunga ile ya karatasi nyeusi, iliyo sahihi. Ikaimba vizuri kama siku ile, naye akakaa mbele yake, akajiuliza inamwimbia nani. Mwenye sanduku angekaa hapahapa na kusikia blanketi. Akaifungua. Akachukua Filimbi, akaibana kwa misumari ya skrubu, akaweka wimbo, na kichwa kikaanza kumgonga palepale. Akainuka kwenda kuchukua koleo kwenye meza ya pembeni. Njiani akasimama.

Ukali ulikuwa umekwisha. Pale pembeni, usawa wa meza, matoazi yalikuwa matoazi tu, na yule mwanamke alikuwa anaimba, hapigi kelele. Akarudi mbele: ukali. Akasogea pembeni: utamu. Hakuwa amegundua kitu kigeni. Kila muuza spika anajua kwamba spika ya koni moja hurusha sauti nyembamba mbele moja kwa moja, kama tochi, na pembeni hufika mabaki. Alikuwa akijua hivyo miaka yote, ila hakuwahi kuwa na sababu ya kumkalisha mtu mmoja mbele na mwingine pembeni.

Kesho yake akakodi mkokoteni. Aliingia karakana mchana, gauni la kijani, kilemba cha njano, mwenye mkokoteni nyuma yake anahema na sanduku. Seremala alikuwa anapiga randa, amempa mgongo. Ukutani, kwenye msumari, palining'inia vifuniko vipya vya masikio, na Bi Sumaku alipoviona alipata moyo kidogo. Hakuita. Alizunguka meza yote ya kazi, akapita kwenye maranda yaliyomfika vifundoni, akasimama mbele yake.

Randa ikasimama.

"Nilikuambia," seremala alianza.

"Umeniambia. Sasa kaa."

Akaweka kigoda kimoja mbele ya sanduku na kingine pembeni, karibu na kona. Seremala akakaa mbele. Bi Sumaku akaweka wimbo, akaenda kukaa kwenye kigoda cha pembeni. Wimbo ukajaza karakana mpaka juu kwenye mbao zilizopangwa. Seremala akafumba macho matoazi yalipoingia, kisha akakumbuka, akageuka haraka kumwangalia. Alitegemea kumkuta ameziba masikio. Akamkuta ameegemea ukuta, mguu unafuata ngoma.

"Haikuumizi?"

Bi Sumaku alitikisa kichwa. Akangoja mpaka wimbo ukaisha, akazima amplifaya na ile feni. Akavuta kigoda chake, akakiweka mbele ya kile cha seremala mpaka magoti yakagusana.

"Wewe utakaa mbele, mimi nitakaa pembeni, na tutasikiliza wimbo mmoja," alisema. "Na mama yako alipiga kelele kwa sababu alikuwa anaongea na mgongo. Mimi sitapiga kelele. Nitazunguka nije mbele."

"Ukichoka kuzunguka?"

"Nitakugusa bega, utageuka."

"Na siku nisiposikia hata ukiwa mbele?" Seremala aliliuliza hilo kwa shida, na Bi Sumaku aliona kwamba hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Hakuwa na dawa yake. Alimshika mikono, iliyokuwa na gundi.

"Utaniangalia mdomo. Ulianza siku ya kwanza, nami nikadhani unanitamani."

"Nilikuwa nakutamani pia."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokaa karibu na kilio. Seremala akaangalia sanduku lake, mdomo wake wa chini, ile njia aliyoikunja kwa mikono yake ili sauti ya mgongoni ipate pa kutokea. Kisha akamgeukia.

"Siku ile nyuma yangu. Uliniuliza nini?"

Bi Sumaku akavuta pumzi. Hakupandisha sauti.

"Nilisema nimechoka kuagana na wewe kila jioni. Nataka—"

"Ndiyo," seremala akasema.

"Sijamaliza."

"Maliza. Nataka nisikie yote."

Akamaliza, kwa sauti yake ileile ya chini, naye seremala akamwangalia mdomo mpaka neno la mwisho.